Mtani, Ijumaa Nazungumza na Wanafunzi wa Milki

Mpendwa mtani wangu,

Nakusalimu huko uliko, ingawa Mzaramo hastahili salamu ya Mnyamwezi. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike Kisarawe, na bado likinipata jambo la kazi nakutafuta wewe kwanza.

Chuo tulichosoma pamoja kimenialika. Ijumaa nitazungumza na wanafunzi wa uthamini na usimamizi wa milki: wajiandaeje kwa ajira, na soko linaelekea wapi. Nimekaa tangu asubuhi, sina la kuandika. Nimechoka, mtani. Nimechoka kwelikweli.

Unakumbuka ulipokuja nami Tabora kwa mafunzo kwa vitendo? Tulitumwa kuthamini nyumba ya Bi Mwajuma, mjane wa Kanyenye. Wathamini waliotutangulia aliwaonyesha sebule na ua tu. Na sisi, kwa haraka zetu za kisomi, tukatoa tepu ya kupimia hata hatujaulizana hali. Alinuna. Ukajitia kumwamkia, akaisikia lafudhi yako.

"We kijana, kwenu wapi?"

"Kisarawe, bibi. Mzaramo."

Akakupokonya tepu. "Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu mpaka kwenu, mkawanyima hata maji! Leo unakuja kunipimia nyumba?"

"Maji tuliwapa, bibi. Waliyamaliza, wakataka na kisima."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua kila mlango, hata wa chumba chenye dari lililooza, ambacho wengine hawakukiona. Tukaandika ripoti ya kweli. Tukirudi kwetu Gongoni ukaniambia, "Kazi hii ni ya watu, mtani. Nyumba inafuata."

Siku hizi mteja ananirushia video ya nyumba kwa simu, anataka thamani kabla ya jioni. Programu inataja bei, mimi natia sahihi. Dalali anayejua kurekodi vizuri ameshauza kiwanja kabla sijafika. Mkulima wa Urambo, akishauza tumbaku, ananiuliza kwa meseji ajenge wapi nyumba za kupangisha. Namjibu, uso wake siujui. Waajiri nao wanaulizia vijana wa droni na ramani za kompyuta. Wanafunzi nitawaambia wajifunze yote hayo na wajiandae mapema kwa usajili wa wathamini, maana bila hivyo watakaa nyumbani. Lakini nikijaribu kuyasema kwa sauti humu chumbani, najisikia kama nasoma tangazo la redio.

Msibani kwenu nilitimiza wajibu wa mtani. Nililizuia jeneza mlangoni, nikapiga kelele kwamba mvivu huyu anakwepa kumalizia ripoti, hatoki mtu hapa. Watu walicheka, hata mama yako. Kisha ikabidi nipishe. Nadhani uchovu wangu ulianzia pale.

Nimeshamwambia mama yangu kwamba nataka kuiacha kazi hii. Aliendelea kuchambua mchele.

Ijumaa hatakosekana mmoja wa kunyoosha mkono, aulize kama ningerudi mwanzo ningesomea hiki hiki. Siwezi kuwadanganya watoto wa watu. Nitajibu ndiyo, nao watapiga makofi wakidhani naipenda kazi. Sitawaambia kwamba ningerudi ili tukae tena dawati moja.

Pumzika, wewe uliyewahi.

Mtani wako,
Mnyamwezi wa Gongoni