Maji ya Kisima cha Baba Mkwe Yamegeuka Bluu

Mpendwa mshauri, pokea salamu kutoka Dutwa, naomba unisaidie na jina langu ulifiche, maana hapa kwetu gazeti moja linasomwa na watu ishirini kabla halijafungiwa karanga, na ikijulikana ni mimi sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mume wangu ni Josia, tunalima pamba na mahindi kama wote, ila miaka miwili iliyopita, wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao na kila mtu akawa anatafuta cha kuuza, kanisa lilituma wanawake wanne Mwanza kujifunza batiki, nami nikiwamo, na nikwambie ukweli mshauri, sijawahi kupenda kazi kama hii, maana kuna rangi ya bluu ambayo ukishaiyeyusha kwa zile dawa mbili, kostiki na haidrosi, haiwi bluu, inakuwa ya njano kama mkojo wa ng'ombe, unachovya kitambaa, unakitoa kikiwa kijanikijani, unakianika, na upepo ukikipiga tu kinaanza kugeuka mbele ya macho yako mpaka kinakuwa bluu kabisa, nimekiona mara mia na bado huwa naacha kazi nasimama kukitazama.

Vitambaa vyangu anavichukua Selestini, mfanyabiashara wa Lamadi, anashonesha mashati na kuwauzia watalii wanaopita kwenda Serengeti, na kwenye kola anaweka kilebo chenye picha ya mti, nilimuuliza mti wa nini, akasema, "Wazungu wanapenda nguo isiyoharibu mazingira, wewe chovya tu."

Basi mimi nikimaliza kuchovya, maji yaliyobaki namwaga mtoni nyuma ya nyumba, na mto wetu kiangazi ni mchanga mtupu, unamwaga ndoo nzima na mchanga unaimeza, nikajua yameisha, maana yule mwalimu wa Mwanza alitufundisha kuchanganya, pa kumwaga hakutufundisha, na sisi hatukuuliza.

Sasa hatua kama hamsini kutoka hapo, upande maji yanakoelekea, kuna kisima cha mchangani ambacho baba mkwe wangu, marehemu Luhaga, alikuwa akikichimba kwa mikono yake kila kiangazi ili watu wapate maji, akafariki mwaka jana, na tangu matanga mama mkwe, Mayu Nyamizi, hakuwahi kucheka hata mara moja, mpaka wiki mbili zilizopita, alipoteka maji hapo, yakatoka na unjano kidogo, akatua ndoo ili asalimiane na jirani, na salamu zetu unazijua hazina haraka, anageuka anakuta maji yamekuwa bluu, akapiga magoti hapo hapo mchangani akasema, "Luhaga amenikumbuka."

Mshauri, nilikuwepo, nikaelewa saa ile ile, ila sikufungua mdomo, nilisema moyoni nihakikishe kwanza, nikachukua kipande cha shuka jeupe nikakiloweka kwenye maji ya kile kisima, nikakitundika, nikakaa nakitazama kinageuka kama vyangu vinavyogeuka, halafu ng'ombe wa jirani yetu Masele wakaja kunywa, wakanusa, wakaondoka na kiu yao.

Watu ndio hawakuondoka, wanasema ni masamva, mizimu ya ukoo imejibu, wanakuja na chupa mpaka kutoka Nkololo, na mama mwenyewe ana vidonda vya tumbo, alikuwa na dawa za zahanati, amezitupa, anakunywa kata moja asubuhi na moja jioni, na anacheka, mshauri, anaimba akitwanga, ananiita "ng'wanone" kama mwanae wa kumzaa, zamani alikuwa hata jina langu halitaji.

Nilimwambia Josia, akasema, "Mwache mama. Unataka baba afe mara ya pili?" Nami nimewaza niache kuchovya kimyakimya, rangi iishe yenyewe, lakini si atadhani mzee amemwacha tena?

Na kuna jambo jingine linanisumbua, utaniona wa ajabu, siku hizi nikienda mnadani Bariadi naangalia mitumba iliyotundikwa, nyekundu, zambarau, kijani, najiuliza pamba yetu inaondoka hapa nyeupe, huko ilikopakwa hizi rangi maji yake walimwagia nani, na hao watu nao walidhani ni nini? Nifanye nini mshauri?

Mimi mwenye rangi mikononi, Dutwa.

*

Mwanangu wa Dutwa,

Barua yako niliisoma nikinywa chai. Nilipofika kwenye kata ya asubuhi na ya jioni niliiacha chai nikaenda posta, nikakutumia telegramu ya maneno manne kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha: MAMA ASINYWE MPELEKE ZAHANATI. Natumaini imekufikia, maana gazeti hili huchukua siku zake kufika kwenu. Kama haikufika, acha kusoma hapa, nenda kamfanyie hivyo, utarudi kumalizia.

Umerudi? Haya, tugombane sasa.

Wewe ni mtu wa kuuliza maswali, na hilo nalipenda. Umeichunguza rangi inavyogeuka, umeuliza mti wa Selestini ni wa nini, umeuliza mpaka nyekundu ya mnadani ilimwagwa wapi. Swali moja tu lilikushinda, la ndoo yako mwenyewe. Halafu ulipopata jibu, ukalitundika kwenye kamba, ukakaa unalitazama linavyogeuka, na mama mtu anakunywa! Mwanangu, ng'ombe wa Masele wamewazidi akili wewe na Josia mkijumlishwa.

Nilimuuliza jirani yangu, mwalimu wa kemia, hiyo kostiki ni kitu gani. Akaniambia ndiyo ile wanayopikia sabuni, na ikiwa kali inaunguza ngozi. Nikamuuliza, na kwenye tumbo lenye vidonda? Akaniuliza kama mgonjwa amekwisha kufikishwa zahanati.

Najua kwa nini umenyamaza. Umependwa, na kupendwa na mama mkwe aliyekuwa hakutaji jina ni kitu kitamu, mimi mwenyewe nilisubiri miaka tisa. Lakini upendo huo ameupewa kwa uongo ambao unamuunguza. Na Josia umwambie hivi kutoka kwangu: baba hafi mara ya pili, ila mama anaweza kufa mara ya kwanza.

Kuacha kimyakimya sikubali. Utamwachia mama msiba mpya na watu wa Nkololo chupa zao. Hao nao wana watoto, na wengine watakuwa wamezitunza kwa ajili ya mgonjwa.

Kaa na mama peke yenu, piga magoti kama mnavyowasalimia wakubwa huko kwenu, umwambie kwa Kisukuma, si kwa Kiswahili cha semina. Usianze na dawa, anza na ndoo, mweleze ulimwaga wapi. Atakasirika. Huenda jina lako likapotea tena mdomoni mwake, na utavumilia, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi si yako, ni ya mwenzio. Siku ya pili beba ndoo yako ya rangi na kitambaa cheupe hadi kisimani, watu wakiwapo, uchovye na ukitundike mbele yao. Macho yao yatawaeleza kuliko mdomo wako. Kisha kisima hicho mkifukie, na kingine mchimbe juu zaidi, maji yanakotoka, mbali na ulipomwaga.

Sikwambii uache batiki, mikono yako ina kipaji. Lakini baada ya siku hiyo usichovye hata leso mpaka uwe na shimo kwenye ardhi ngumu, mbali na mto na mbali na kisima cha mtu yeyote, na maji ya rangi uyatumie mpaka yachoke, si kuchovya mara moja na kumwaga. Shimo hilo asikuachie peke yako Selestini. Anayeagiza mashati ya bluu ameagiza na maji yake machafu, na mtalii anayeyavaa hali kadhalika, ila yeye hajui, ameonyeshwa mti. Mwambie Selestini aje na sururu. Akikataa, aondoe kilebo chake kwenye kazi yako, au aje auonyeshe huo mti uko wapi pale mtoni.

Na lile swali lako la mnadani, kwamba rangi za mitumba zilimwagiwa nani, sina jibu. Hata kitenge nilichovaa leo sijui maji yake yalimwagwa wapi. Lakini sasa aliyemwagiwa ya kwetu tunamjua, anaitwa Nyamizi.

Kisima kipya msimchimbie mama, mchimbe naye, wewe na Josia mkiwa mmeshika majembe. Luhaga alikuwa akichimba kila kiangazi ili watu wanywe maji. Siku mama atakapoteka, atue ndoo, amsalimie jirani mpaka salamu ziishe, ageuke akute maji bado ni meupe, hapo mwambie, "Mayu, baba ametukumbuka."