Chewa Aliyebaki Gatongora

Baba,

Shuleni tunafundishwa barua ianze na "natumai u mzima." Siwezi kukuandikia hivyo, basi wacha nianze na samaki. Chewa wako uliyemleta kutoka Mombasa yuko hai, hapa Gatongora.

Jioni za matanga watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye chumba cha tangi lake. Shosho mmoja, bibi mzee wa kanisa, aliona lile blanketi juu ya tangi, akalitoa, akamfunika Mum magoti. Hakuwa na ubaya. Wakawasha taa. Wewe, uliyeniita mama kwa sababu nina jina la mama yako, ulikuwa umeniambia, "Maitu, huyu ametoka kule chini kabisa, jua halifiki. Hata wavuvi wa Mombasa walikuwa wanaulizana ni chewa wa aina gani. Usimweke kwa mwanga." Nami nilisimama mlangoni na birika la chai nikashindwa kufungua mdomo. Unajua vile mimi huwa mbele ya watu. Mzee mmoja akauliza, "Kaĩ, kwani hiyo ni nyoka?" Wakacheka, kwenye matanga yako, na mimi nikacheka.

Tangu siku hiyo chewa akakataa kula. Alijibanza kwenye kona, anapumua tu. Nilirudisha blanketi. Nilipima chumvi vile ulinionyesha. Ile mashine ya baridi uliyoitoa kwa friji mbovu ya bucha bado inanguruma, maji ni baridi sawasawa. Sikuelewa ni nini tena anataka. Uncle Kamau akasema, "Kama hataki kula, basi aliwe." Mum, ambaye hajawahi kuonja samaki maisha yake yote, akaendelea kumenya viazi.

Sasa niseme kitu sijamwambia mtu. Kaburini sikulia. Watu walikuwa wananiangalia, nikaangalia viatu vyangu. Lakini jana, nikitoka shule, nilipata kile kipande cha tilapia nilichomwekea bado kimelala ndani ya tangi, hakijaguswa, nikalia mpaka sweta ikalowa. Kwa sababu ya samaki, Baba. Ama ilikuwa ni wewe? Sijui.

Leo amekula. Niliingiza mkono chini ya blanketi, akakuja polepole, mdomo wake ukanigusa vidole. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikasirika. Mbona amekubali mkono wa mtu mwingine haraka hivyo? Halafu Mum akaniita jikoni, nikala, na ugali ulikuwa mtamu kama siku zote. Hiyo iliniogopesha.

Ulisema hawezi kurudi baharini, kwamba safari ya pili itamuua. Kwa hivyo tunamtunza, ama tumemfunga? Ulikuwa unajua jibu? Nilikaa na wewe hapo jioni nyingi sana, ukimtazama, na sikukuuliza hata siku moja.

Uncle anakuja Jumapili, na amesema atakuja na kisu chake mwenyewe. Nitamwambia hapana. Nitasema kwa sauti, hata kama nyumba imejaa watu.

Kwaheri, Baba. Mengine yote yamenichanganya, lakini huyu hatapikwa.

Maitu wako