Bangili ya Mwantum Kwenye Kioo

Mbuchi,
Kibiti.
9 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Mudathiri,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini wewe na mkeo Zaitun mu wazima, na kichanga hasumbuliwi tena na tumbo usiku. Hajira anaendeleaje na shule? Mwambie bibi yake anamkumbuka. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu linaniuma mvua zikizidi, lakini la goti si la kuandikia barua. Mpunga umeanza kuiva, na ndege wanatuchosha kweli kweli.

Najua umepiga simu mara nyingi. Niliiona ikiita, sikuipokea, tena makusudi. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza nakushukuru kwa tiketi, kwa koti na kwa kila kitu. Nilikuja huko ng'ambo kumlea mzazi, nikalelewa mimi. Mwenyezi Mungu awalipe.

Lakini lile jumba la makumbusho mlilonipeleka, mwanangu, lilinichefua. Nilinyamaza siku ile kwa ajili ya Zaitun na arobaini yake. Sasa niko kwangu, nasema.

Jumba kubwa namna ile, msikiti wetu ungeingia humo na uwanja wake, halafu wamelijaza mizoga! Kiboko kajazwa sijui pamba sijui nini, mdomo umepakwa vanishi unang'aa. Samaki wametiwa kwenye machupa ya dawa, weupe, macho yamewatoka. Nilimtambua kambare mmoja nikamwonea huruma. Kwa sura ile hata paka wa Mohoro angempita. Mende nao wanafugwa kwenye kioo na kupewa majani mabichi, watu wamepanga foleni kuwatazama. Mimi huku nawapiga na kandambili. Na katikati ya mizoga yote hiyo kuna mgahawa, watu wanakula keki. Ukaninunulia na mimi. Sikuila, niliifunga kwenye leso nikaitupa.

Hayo yote ningeyacheka nikayasahau. Yule mamba ndiye sikuweza.

Ulinisomea kibao chake kwa furaha, ukanitafsiria: ametoka Rufiji, alipigwa risasi na mzungu mmoja enzi za mkoloni. Kando yake, juu ya kitambaa cheusi, wamepanga vitu vilivyokutwa tumboni mwake. Mawe, kwato za mbuzi, shanga, na bangili ya fedha iliyochorwa majani ya mkoko.

Mwenzake nilikuwa nimeivaa mkononi.

Habari ya Mwantum unaijua, lakini nairudia, maana naona uliisikia haikukuingia. Mwantum alikuwa dada wa bibi yako. Alipoolewa, baba yao alimwagizia pea ya bangili kwa sonara wa Mohoro, mzee ambaye mkono wake ulikuwa mbovu, ndiyo maana kila jani alilolichora ncha yake imepinda upande. Bibi yako, wakati huo mtoto, aliililia moja mpaka dada yake akamvisha. Haukupita mwezi, Mwantum alishuka mtoni kuosha vyungu, mamba akamchukua. Hapakuwa na maiti ya kuosha wala kukafini. Bibi yako aliivaa ile moja mpaka alipokufa, akaniachia mimi. Hakupata hata ukucha wa dada yake wa kuzika.

Ndiyo maana nilivua viatu. Nilitoa salamu kama mtu anayefika makaburini, nikaanza kumsomea Fatiha. Na wewe ukamwambia mlinzi kwamba shangazi yako anaumwa! Siumwi mimi. Pale pale watoto wa shule walikuwa wakijipiga picha, wanatanua midomo kumwiga mamba, na aliyeonekana mgonjwa ni mimi.

Nilidhani utaona aibu baadaye. Kumbe umewapelekea wenye jumba picha ya mkono wangu! Sasa unaniandikia kwamba wamefurahi, wanaiomba na yangu wailaze kando ya mwenzake, pea ikamilike, na jina la ukoo wetu waliandike kwenye kibao. Unasema ni heshima. Heshima gani ya kulazwa na kwato za mbuzi? Hukuwaambia yule ni bibi yako? Hukuomba aachiwe arudi? Wewe, ambaye nilikufundisha mwenyewe kumsalia maiti!

Basi sikiliza nilichofanya. Ijumaa iliyopita tulimsomea Mwantum hitma hapa nyumbani. Alikuja ndugu yetu Mwanaheri na wanawe kutoka Maparoni, baba yako mdogo Abdalah alichinja mbuzi. Nikamwambia maalimu nataka kuizika bangili.

"Bangili si maiti, Mwanajuma," akanijibu. "Haichimbiwi kaburi."

Ni kweli, sikubishana naye. Watu walipotawanyika nilikwenda mwenyewe, nikachimba shimo dogo miguuni pa kaburi la bibi yako, nikaifukia. Mpaka leo nikitia udhu naipapasa mkononi, haipo.

Waambie hao watu pea itakamilika, ila huku. Yangu imeshatangulia. Inayosubiriwa ni ya kwao, na wa kuidai ni wewe, kwa kuwa lugha yao unaijua na mlango wao unaujua. Andika, nenda, rudi tena, wakuchoke. Usiwaambie kwamba shangazi yako anaumwa. Waambie ana msiba.

Baba yako mdogo Abdalah anakusalimu, na Mwanaheri, na mzee Mfaume jirani, ambaye bado anauliza kama huko kuna dagaa. Mbusu Hajira na mdogo wake. Mungu awalinde na baridi na awakuzie watoto katika dini.

Mimi nimekasirika, na nakupenda vile vile. Ukija, usije mikono mitupu. Udongo wa pale miguuni pa bibi yako sijaushindilia.

Ni mimi shangazi yako, nisiyeacha kukuombea,
Mwanajuma