Kwa Nini Wanawake wa Piyaya Hawakurudi Kwenye Tamasha

Jumanne, mwezi wa saba. Karatu.

Baridi tangu alfajiri. Ukungu umekaa barabarani mpaka saa nne na magari ya watalii yanapita yamewasha taa. Nimevaa sweta mbili, magoti yananiuma, na mtu akinisalimia leo namjibu kwa shida.

Kamati ya tamasha la muziki imeniomba historia. "Ukurasa mmoja tu, Bibi Vero," alisema Elia, mwenyekiti wao, kijana wa hotelini mwenye adabu kupita kiasi. Ukurasa mmoja! Mimi niliyeshika kipaza sauti cha tamasha lile tangu mara ya kwanza, nikiwa msichana, naambiwa ukurasa mmoja. Nikasema sawa mwanangu, kesho kutwa utaupata. Hizo ni wiki tatu zimepita.

Si uvivu. Katika historia hiyo kuna mstari mmoja wa uongo, na uongo wenyewe ni wangu.

Tamasha lilianza mwaka ule mpaka na Kenya ulipofungwa. Watalii walikatika ghafla. Madereva wao wakakaa mjini hapa wakicheza bao, wapishi wa hoteli za kule juu kreta wakarudi kulima, na wapiga magitaa waliokuwa wakiwaburudisha wazungu wakila wakashuka Karatu na magitaa yao mgongoni. Deo, dereva mmoja wa Kichaga asiyeweza kukaa kimya dakika tano, akasema hawa watu watatuozea hapa. Mwezi wa nane, ngano ikiwa imevunwa, akakusanya bendi mbili na ngoma za vijijini, akaomba uwanja wa mpira, tukapiga muziki kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Umeme hatukuwa nao. Jenereta ilitoka gereji, spika ya bomba ilitoka parokiani.

Mimi nilikuwa karani wa duka la ushirika, mtoto wa kijijini Buger, Mwiraqw mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya korongo. Deo alinisikia nikipanga watu kwenye foleni ya sukari akasema, basi, mtangazaji tumempata. Cheo chenyewe nilikipata hivyo, hakuna aliyenipigia kura.

Vita vya Kagera vilipoanza malori yalichukuliwa, tukakosa msimu mmoja. Vilipokwisha tukaendelea. Nyuzi za gitaa hazikupatikana, kwa hiyo wapiga solo walifunga nyaya za breki za baiskeli na vidole vikawatoka damu. Sabuni hakuna, sukari ndiyo hivyo tena, lakini ile Jumamosi ikifika mji unajaa mpaka mbuzi wanakosa pa kupita. Wasonjo walikuja kutoka Sale. Na kutoka Piyaya, mbali kule nyuma ya kreta, wakaja wanawake kumi na wawili wa Kimasai.

Jamani, wale wanawake. Hawakuwa na gitaa wala ngoma. Walisimama mstari mmoja, shanga zikaanza kupiga shingoni, na mmoja wao akatoa sauti. Fundi wa jenereta alizima mashine bila kuambiwa na mtu.

Huyo aliyetoa sauti akawa rafiki yangu. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, mwepesi wa kucheka. Kila msimu lori la idara ya mifugo liliwafikisha getini kwenye lango la hifadhi, na mimi nilikwenda kuwapokea na lori la ushirika, maana Deo alikuwa na sheria moja tu: kikundi cha mbali hakiingii mjini bila mwenyeji. Alilala kwangu na mdogo wake, Nashipai, aliyekuwa mwitikiaji wake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kimasai changu hakikuwepo kabisa, lakini tuliongea mpaka Nashipai akatuomba tunyamaze alale. Alinicheka nilivyokamua ng'ombe. Alisema nakamua kama mtu anayefua nguo. Nilimpenda sana.

Jina lake sitaliandika hapa. Mtaona sababu.

Msimu mmoja nilifika getini nikawahesabu wakiwa kumi na mmoja. Nikauliza mwenzetu yuko wapi. Nashipai akatazama chini, akasema, "Hayupo tena." Uzazi. Yeye na mtoto. Ilikuwa miezi mitano imepita na mimi sikuwa na habari. Nililia njia nzima ndani ya lile lori, wao wamekaa kimya, nikafikiri wananivumilia.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Mimi ni Mkatoliki wa milimani. Kwetu, marehemu anasomwa. Mwezi wa kumi na moja tunaandika majina ya wafu wetu kwenye karatasi, padre anayasoma moja moja, na ole wake amruke wa kwenu. Mtu asiyesomwa ni kama ametupwa. Kwa hiyo, zamu ya Piyaya ilipofika, wamejipanga pale kando ya uwanja, nilisimamisha tamasha. Nikaomba watu wote wavue kofia. Nikavuta pumzi, nikalitaja jina lake. Jina lake na la baba yake, mara tatu, kwa sauti yangu yote, kupitia spika ya parokia, likasikika mpaka sokoni.

Nilijisikia nimefanya jambo kubwa. Niliona hata fahari kidogo, niseme ukweli.

Nashipai alijifunika uso kwa shuka. Aliyekuwa nyuma yake akageuka, kisha mwingine, kisha wote. Walitoka uwanjani, wakaenda kukaa kwenye lori la ushirika mpaka dereva alipopatikana akawarudisha. Mimi nikadhani ni majonzi. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Tuwape pole, tunaendelea!" Nikaita bendi iliyofuata.

Wiki kadhaa baadaye askari mmoja wa wanyamapori, Mmasai wa huko huko, alikuja dukani kununua majani ya chai.

"Dada," akasema, "kwetu aliyekufa jina lake halitamkwi tena. Hata mama yake halitamki. Wewe umelipigia spika."

Akaniambia hukujua, kosa la mgeni lina dawa. Nenda Piyaya ukawaone, beba sukari, kaa nao, sema pole kwa mdomo wako mwenyewe. Alisema atanipeleka mpaka nyumbani kwa Nashipai. Nikamwambia nitakwenda mwezi ujao.

Sikwenda. Mwezi ukapita, mwingine ukapita. Kila askari yule alipoingia dukani nilijifanya napanga mabunda ya chumvi kule nyuma. Niliona aibu, na aibu ile sikujua niiweke wapi.

Mwezi wa nane ukafika. Deo akaja dukani na orodha yake, akauliza lori la kwenda getini linaondoka saa ngapi. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Wa Piyaya hawaji mwaka huu. Ukame." Hakuna mtu aliyeniambia hawaji. Mimi mwenyewe nilikuwa na hakika hawatataka kunitazama tena, wala mimi sitathubutu kuwatazama wao. Na mvua mwaka ule ilikuwa imenyesha vizuri tu. Deo akasema masikini, pole zao, na mimi nikaandika kwenye daftari la tamasha: Piyaya, hawakufika, ukame.

Hawakuja tena. Tamasha likaendelea misimu kadhaa, likachoka, likalala. Deo amekufa akiamini ukame. Kisha hawa vijana wakalifufua, na kwa kuwa hawana kumbukumbu nyingine wakalichukua daftari langu. Siku hizi ule ukame umechapishwa. Uko kwenye kijitabu chao, na mwaka juzi niliuona kwenye bango, kwa herufi kubwa, na picha ya ng'ombe aliyekonda wametafuta sijui wapi.

Leo asubuhi kulikuwa na kikao hotelini. Elia alinivutia kiti, akaniletea chai, akafungua kompyuta yake kunionyesha ratiba. Amefurahi, hajui aanzie wapi. Habari ya kwanza, wanawake wa Piyaya wamekubali kuja. "Hebu fikiria, Bibi, baada ya ukame wote ule!" Habari ya pili, ufunguzi utakuwa wa kuwakumbuka wanamuziki waliotangulia. Majina yatasomwa jukwaani, kila jina na pigo moja la ngoma. Ameyatoa kwenye daftari langu, nilimokuwa naandika pia waliofariki.

Jina la nne lilikuwa lake.

Nilikaa nikitazama ile skrini. Wangesimama tena kando ya uwanja ule ule, na spika za leo zinasikika mpaka nusu ya wilaya. Nikamwambia Elia futa hilo la nne. Akauliza limekosewa herufi? Ningeweza kusema ndiyo, likaisha. Mungu anajua nilifungua mdomo kusema ndiyo.

Badala yake nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa, mbele ya kamati nzima na mhudumu aliyekuwa akikusanya vikombe. Elia alifuta jina, akafunga kompyuta. Kisha akaniandikia namba ya mwalimu mmoja wa Piyaya aliyempangia mambo ya kile kikundi. Akasema, "Bibi, huyu ni mtoto wa Nashipai."

Sikujua kama Nashipai yuko hai. Hata hilo sikuwahi kuuliza.

Nikatoka nikasimama kwenye ua wa hoteli, nikapiga. Mwalimu alinipa shikamoo, nikamwambia mimi ni nani, nikasikia akitembea, mbuzi wanalia, mlango. Halafu sauti ya kizee.

"Takwenya," nikasema, salamu ile moja ya Kimasai ninayoijua.

"Iko," akaitikia. Kisha: "Vero?"

Nikamwambia Nashipai, siku ile sikujua. Nimejua baadaye, nikaona aibu kuja. Nisamehe. Nilisema haraka haraka, naogopa atakata simu.

"Tulijua hujui," akasema. "Wewe ni mtu wa kanisa. Tulikasirika, tukalia, ikaisha. Mwaka ule mwingine tukaja."

Nikamwambia hapana, mama, hamkuja.

"Tulikuja. Lori la mifugo likatuacha getini. Tukakaa siku mbili. Wenzangu wanasema turudi, mimi nasema Vero atakuja na lori, atasema pole, tutaimba. Maziwa yakaisha. Tukarudi."

Siku mbili. Kutoka getini mpaka uwanjani kwa lori ni mwendo mfupi tu, hata chai haipoi. Ndani ya siku mbili hizo mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti nikiwachekesha watu. Nililia pale uani, mzee mzima, na watalii wawili wenye kofia mpya wakasimama kuuliza kama nahitaji msaada. Niliwapungia mkono waende zao.

Nashipai aliningoja nimalize. Hakunibembeleza. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya zamani ya kutunyamazisha tulale:

"Sasa hilo lori limeharibikia wapi miaka yote hii?"

Nikacheka huku nalia. Yeye naye akacheka, akakohoa, akampa mtoto wake simu.

Ni alasiri sasa. Ukungu umerudi. Nimeandika ule ukurasa wa Elia kwa nusu saa, baada ya wiki tatu. Bendi mbili, jenereta ya gereji, waya wa breki, Deo na kelele zake, yote yameenea. Palipokuwa na ukame nimeandika hivi: Mwaka ule wanawake wa Piyaya walifika mpaka getini, wakangoja siku mbili, na mtangazaji hakwenda kuwapokea. Mtangazaji huyo ni mimi.

Elia amenipigia kuuliza kama kweli nataka lichapishwe hivyo, maana watu wa mjini wananiheshimu. Nimemwambia lichapishwe hivyo hivyo, na lile bango la ng'ombe alishushe.

Alhamisi mwalimu anapita Karatu kununua vitabu vya shule, atanichukua kwenye gari lake. Nimeshanunua sukari na majani ya chai. Ninafahamu ninachotakiwa kufanya nikifika, niliambiwa nikiwa msichana, nimesimama nyuma ya meza ya duka. Ila sijui watu wangapi kati ya wale kumi na mmoja bado wapo, na nikifika siwezi kumuulizia yeyote kwa jina.