Bawa la Kulia Limelala Chali

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, ingawa watu wenye bahati kama yangu huwa hatuombi, tunaombwa. Mimi ni seremala, na mkono wangu una bahati ambayo wenzangu wanaisemea pembeni, tangu nishike msumeno sijawahi kuharibu ubao, nikikata nimekata, nikipigilia kimekaa, na vitanda vyangu wamelalia wakubwa ambao ukisikia majina yao utasimama wima. Nimetembea pia, nimefanya kazi kwenye meli, nimepanda lifti za hoteli mpaka ghorofa ya kumi na tisa kwenda kufunga mlango mmoja tu, na shule niliishia darasa la sita kwa sababu mimi na mwalimu hatukuelewana kuhusu desimali, na mpaka leo naamini aliyekosea ni yeye. Nakueleza haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa ovyo.

Sasa mambo yako hivi. Baba mkwe wangu wakati wa vita alikuwa fundi wa ndege za kivita, zile ndogo za rubani mmoja zenye pangaboi puani, na kazi yake ilikuwa mabawa, kuyafunga, kuyafungua, kuyaziba yakirudi na matundu ya risasi. Leo macho yamezima karibu yote, anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu basi, lakini anaishi peke yake katika vyumba vyake viwili, anajipikia, anajifulia, na kila kitu anajua kilipo kwa kupapasa. Shemeji yangu, mwanawe wa kwanza, hali hiyo haipendi, anasema mzee ameanza kupoteza kumbukumbu, hadithi za ndege nusu anatunga, afadhali nyumba ifungwe ahamie kwake, na mzee humjibu neno lile lile kila siku: "Macho yameondoka, kichwa kimebaki. Kichwa kikiondoka nitakuja mwenyewe na godoro langu."

Basi siku moja tumekaa kwake, shemeji kaanza maneno yake, na mdomo wangu unajulikana, nikasema, "Baba, nielekeze hiyo ndege niichonge kwa mbao vilevile unavyoikumbuka, halafu yule rafiki yako mliyefanya naye kazi aje aikague. Akisema ndiyo yenyewe, watu wafunge midomo." Mzee akautafuta mkono wangu akaushika. "Fundi, ichonge vizuri. Na usiipake rangi kabla sijaishika." Shemeji akacheka, akasema sawa, lakini rafiki akisema siyo, mzee ahame. Mzee akasema, "Nitahama."

Wiki sita, mshauri, mzee anasema, mimi nachonga. Urefu alinipa kwa shubiri, unene kwa vidole, akanieleza bawa linavyotakiwa liwe, mgongo umebinuka, tumbo limenyooka kama meza ya pasi, mbele nene, nyuma jembamba kama ukingo wa kisu. Kiwiliwili kilitoka kwenye pande moja la mbao nyepesi nililokuwa nimelificha nisije nikalitumia ovyo, kioo cha rubani nilikikata kwenye chupa ya plastiki nikakilainisha kwa mvuke wa birika, magurudumu ni vifungo viwili vya koti la mke wangu, ambaye bado anavitafuta, na mimi namsaidia kuvitafuta.

Balaa likaja kwenye mabawa. Mimi ni mtu wa vitanda, na miguu ya kitanda ukishapata mmoja umepata yote, unaweka kiolezo juu ya ubao, unachora, unakata, unachora, unakata, akili iko kwingine kabisa. Nikafanya hivyohivyo. Bawa la kushoto lilitoka zuri mpaka nikamwita mke wangu aje alione, nikachora la pili kwa kiolezo kilekile bila kukigeuza, nikachonga, nikapiga msasa wa mwisho, naenda kuyabandika nagundua nina mabawa mawili ya kushoto. Na mtaa mzima nilishautangazia kwamba kazi imekwisha, waje waone. Nikaona yasiwe mengi, nikaligeuza bawa juu chini, tumbo likawa mgongo, nikaligandisha kulia, nikajaza puti kwenye maungio, nikapaka madoa mazito ya kijani na kahawia ili jicho lizunguke lisijue pa kutua. Ukisimama mbali ni ndege. Mke wangu akaitazama akasema, "Mbona upande mmoja kama imechoka?" Nikamwambia hivyo ndivyo zinavyokata kona.

Wiki iliyopita nikampelekea mzee. Nilikuwa bado mlangoni akasema, "Umepaka rangi." Nikasema nilitaka ikauke mapema, baba. Hakugomba. Akaiweka mapajani, vidole vikapita puani, vikazungusha pangaboi, kwenye kioo akatabasamu, bawa la kushoto akalipapasa mara mbili akasema, "Hili ndilo." Halafu akaenda la kulia. Vidole vikasimama. Vikarudi kushoto, vikaja tena kulia. Akauliza polepole, "Fundi, mgongo haukubinuka kwenye yote mawili?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Nimefuata ulivyonieleza, baba." Akaondoa vidole kwenye bawa, akasema, "Basi nimesahau. Kumbe mwanangu anasema kweli."

Rafiki yake anakuja mwisho wa mwezi, lakini mzee hamngoji tena, ameshaanza kupanga vyombo kwenye maboksi. Nifanye nini? Nikisema ukweli, shemeji atanitangaza kuwa seremala asiyejua kulia na kushoto. Nimefikiria niugue siku hiyo. Nimefikiria hata kuiangusha ndege, iwe ajali. Na ile niliyoanza nayo ya mkono wenye bahati si kweli, naharibu mbao kila wiki, na kitanda ninacholalia nimekiwekea kadibodi mguuni kisiyumbe.

Ni mimi,
Seremala

*

Ndugu yangu seremala,

Kwenye vifungo vya koti nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakaniuliza kulikoni. Nilipofika kwenye maboksi niliacha kucheka.

Kukosea bawa hakukunikasirisha. Mtu wa vitanda amechonga ndege kwa kusimuliwa, kosa moja ni halali yako. Hata kulilaza chali na kulifunika rangi nakuelewa, uoga humfundisha mtu ufundi wa ajabu. Lakini mzee wa watu alikuuliza swali ambalo jibu lake ni fupi: "Baba, nimekosea." Badala yake ukamtwisha yeye. Vidole vyake vilijua. Akaviacha vidole vyake akakuamini wewe. Mtu aliyebakiwa na kichwa tu, umemfanya akitilie shaka kichwa chenyewe, ili wewe usichekwe na shemeji. Aibu hiyo, bwana, haina rangi ya kuifunika.

Kuugua, futa. Kuiangusha, futa kabisa, maana ndege ikivunjika mzee atabaki na jibu lako la uongo maisha yake yote.

Sasa tumia hizo akili ulizonazo, na unazo, darasa la sita halikuzimaliza. Wewe mwenye macho mawili ulilificha kosa, mkeo akaliona nusunusu, na mtu asiyeona akalikamata kwa kidole mara ya kwanza. Unataka ushahidi gani zaidi kwamba kichwa chake ni kizima? Hiyo ndege yako mbovu inamtetea kuliko ambavyo ndege nzuri ingemtetea. Kwa hiyo mpigie shemeji leo, aje kwa mzee, aketi asikie kwa masikio yake. Atakucheka. Mwache acheke, lakini akimaliza kucheka muulize nani kati yenu watatu alikuwa na kumbukumbu, na usiondoke kabla hajajibu.

Beba msumeno, randa, msasa na kipande cha mbao, hata cha mguu wa kitanda. Likate lile bawa la kulia mzee akiwa anasikia. Chonga jingine palepale, ukigeuza kiolezo, na kila ukipitisha randa mara tatu mpe alishike, yeye ndiye atakayesema basi. Rangi usiiguse. Rafiki yake akija akute bawa moja la madoa na jingine mbao tupu, na mzee ndiye atakayemsimulia ilivyokuwa. Akiongeza chumvi usimrekebishe, umeshapoteza haki hiyo. Habari ya vifungo mwambie mkeo siku nyingine, kuungama mara mbili kwa siku moja kunachosha.

Lakini ukiingia pale mlangoni, kabla ya zana, kabla ya kujieleza, hata kabla ya kuomba radhi, mwambie, "Baba, hujasahau." Radhi yako inaweza kungoja gundi ikauke.