Kinga ya Meno Iliyokwisha Kuvaliwa

Alhamisi, Nyeri

Leo nilienda duka la dawa kutafuta kinga ya mpira ya kuvaa mdomoni, maana nasaga meno usingizini, na mume wangu Kariuki anasema pumzi yangu hukatika. Muuzaji akatoa moja kwenye droo. Ilikuwa na alama za meno, na uchafu wa manjano pembeni.

"Ni kastoma mmoja tu alijaribu, mama. Nimechemsha."

Nilimrudishia, nikaenda kwa daktari wa meno. Akasema kinga hulinda meno tu. Pumzi ikapimwe hospitalini. Hilo ndilo nililokuwa nikilikwepa.

Nilipomweleza Kariuki, alisema:

"Kesho tunaenda wote. Nimechoka kukuamsha nikidhani umekufa."