Sharti la Nusu ya Juu

Toledo, 2 Aprili 2018

Mwanangu Emery,

Habari za huko majini? Natumaini barua hii itakufikia boti ya posta itakapowasogelea pale Detroit, na kwamba kifua kimepona na unavaa ile sweta. Mimi sijambo. Goti linanisumbua baridi ikizidi, lakini ngazi za kazini bado nazipanda. Paulette anakusalimu sana. Anasema zamu yetu ya simu za dharura imepoa tangu uache kutuletea donati.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utaniambia "sawa, Mama," kisha utaenda kulala. Hili nataka ulifikirie.

Majibu ya vyuo vya sheria yametoka. Vingi vimenikataa, kwa adabu kubwa. Viwili vimenikubali. Cha kwanza ni Swan Creek, hapa hapa mjini. Wako tayari kunilipia ada yote, kwa sharti kwamba kila mwaka nibaki nusu ya juu ya darasa. Nikishuka, ufadhili unaondoka. Cha pili kiko Chicago. Kina jina kuliko hiki, ila hawatoi msaada wowote, na itabidi niuze nyumba.

Paulette yeye anasema nivikatae vyote viwili. "Ilona, rudia mtihani wa kuingilia, uombe upya mwakani. Wewe unajua ile alama siyo yako." Labda ni kweli. Lakini mwakani nitakuwa na miaka hamsini, mwanangu, na shule ya sheria ni miaka mitatu.

Wanataka jibu kabla ya tarehe moja Mei. Marehemu baba yako angerusha sarafu, kisha angebishana na sarafu. Wewe unasemaje?

Ni mimi mama yako,
Ilona


Ndani ya meli Harlan Voss, Ziwa Huron
12 Aprili 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole na goti. Kifua kimepona. Sweta naivaa, na nachekwa kwa ajili yake, lakini wanaocheka ndio wanaotetemeka.

Barua yako niliifungua mezani, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Orville, mpishi wetu, aliniona natabasamu akataka kujua. Nikawasomea. Basi chakula kizima kikawa mjadala wa wewe uende wapi. Orville akasema, "Mama yako akishakuwa wakili, mteja wa kwanza ni mimi. Hawa watu wananishtaki kila siku kwa ajili ya supu." Fundi wa injini akamjibu, "Supu yako hata wakili wa shetani ataikimbia." Waliosema Chicago ni wawili, na wote hawana nyumba ya kuuza.

Sasa langu. Rudia mtihani, Mama, uombe upya.

Nakumbuka ile meza ya jikoni. Mimi nafanya hesabu zangu upande mmoja, wewe umetoka zamu unaandika insha zako za chuo upande wa pili, na mara nyingi wewe ndiye uliyemaliza kwanza. Ulisoma hivyo miaka na miaka mpaka digrii ikatoka. Kila Jumapili ukipika kuku wa paprika, unapakua watu wote kisha unachukua shingo na kusema ndiyo unayoipenda. Mimi simwamini mtu anayependa shingo. Safari hii nataka uchukue paja.

Na kuna jambo sijawahi kukuuliza. Alama zako za mazoezi zilikuwa juu, niliziona mwenyewe zimebandikwa kwenye friji. Siku ya mtihani kulitokea nini?

Mwanao,
Emery


Toledo, 19 Aprili 2018

Mwanangu Emery,

Salamu nyingi kwako, kwa Orville, na kwa huyo fundi wa injini mwenye ulimi. Mimi mzima. Theluji imeanza kuyeyuka na bomba la uani limepasuka tena, lakini hilo ni la kila mwaka.

Shingo naipenda kweli. Tuyaache hayo.

Umeuliza kuhusu mtihani. Kijana aliyekaa mbele yangu alianguka na kifafa, sehemu ya tatu ilipokuwa imeanza. Wasimamizi waliganda, mmoja akawa anatafuta kitabu cha taratibu. Nikaweka kalamu chini. Nilimgeuza ubavu, nikamwekea koti langu chini ya kichwa, nikakaa naye sakafuni nikimwambia jina langu mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Aliyekuja ni Manny, ambaye mimi humtuma kila siku kwa redio. Akaniangalia akasema, "Ilona, leo umenitangulia." Niliporudi kwenye kiti, sehemu ile ilikuwa imekwisha. Niliambiwa naweza kuomba alama zifutwe. Nikadhani zilizobaki zitanitosha, na hazikunitosha. Ndiyo habari yote. Sikukwambia kwa sababu ungeifanya hadithi.

Sasa sikiliza jambo la maana. Jumanne nilikwenda Swan Creek kuketi darasani kama mgeni. Mwalimu ni Bi. Brandt, mfupi, sauti kama honi. Kesi ilikuwa ya mbwa aliyemng'ata tarishi. Ghafla akaninyooshea kidole.

"Wewe dada wa nyuma, mwenye koti. Kosa la nani?"

"La mwenye mbwa."

"Kwa nini?"

"Alijua mbwa wake anauma."

"Na kama hakujua?"

"Alipaswa kujua."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Darasa zima likacheka. Bi. Brandt hakucheka. Akanionyesha, hatua kwa hatua, mahali nilipoteleza, na alipomaliza nikaona nilikuwa nimekosea kabisa. Emery, sikumbuki lini mara ya mwisho nilikosea nikafurahi hivyo. Kazini nikikosea mtu anaweza kufa. Pale nilikosea, nikajifunza kitu, na hakuna aliyeumia isipokuwa tarishi.

Nimeomba kuonana na mkuu wa chuo, Bwana Prewitt. Lile sharti la nusu ya juu silielewi vizuri, nataka kumuuliza.

Mama yako


Ghuba ya Whitefish, kwenye barafu
29 Aprili 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila tumekwama. Barafu haijaondoka, meli zimepanga foleni zikisubiri meli ya kuvunja barafu, na kapteni ameacha kunyoa. Barua hii haitakufikia kabla ya tarehe moja. Simu nayo haishiki. Kwa hiyo nakuandikia nikijua kwamba utaamua bila mimi, na huenda ndiyo heri.

Nimesoma habari ya yule kijana. Safari hii sikuwasomea mezani. Nilikwenda nayo nje, nikasimama mpaka vidole vikafa ganzi. Mama, umekaa na hilo tangu Februari. Naweza kukuona ukikunja midomo kila barua ya kukataliwa ilipofika, na hukusema neno moja la kujitetea. Mimi ningelibandika kwenye mlango wa kila chuo.

Bado nasema uombe upya. Nasema hivyo hata zaidi. Siyo kwa sababu Swan Creek ni kidogo. Ni kwa sababu alama yako halisi hakuna mtu aliyewahi kuiona, na ningependa waione.

Lakini yule mwalimu mwenye honi nampenda.

Mwanao anayekuheshimu,
Emery


Toledo, 6 Mei 2018

Mwanangu Emery,

U hali gani? Naomba barafu iwe imewaachia. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kinachozunguka, na nitakueleza kwa nini.

Nilimwona Bwana Prewitt. Ni mtu mpole, alinitengenezea kahawa mwenyewe. Nikamuuliza, "Wanaopewa ufadhili wenye sharti hili ni wengi?"

"Ni wengi. Tunajivunia hilo."

"Wanazidi nusu ya darasa?"

Akafikiri. "Wanazidi, ndiyo."

"Basi mnajua tangu leo kwamba baadhi yao lazima waupoteze, hata kama wote watasoma mpaka macho yatoke. Nusu ya juu haiwezi kubeba zaidi ya nusu."

Akaweka kikombe chini. "Huo ndio utaratibu wetu, Bi. Takacs."

"Nimeuona. Ndio ninaouulizia."

Akasogeza kiti karibu. Akasema maombi yangu yaliwagusa, na kwamba kwangu mimi anaweza kuliondoa sharti, iwe siri yetu. Emery, hicho ndicho nilichokuwa nimekuja kutafuta. Mkono wangu ulikuwa tayari kupokea. Lakini mdomo ukauliza, "Na wale wengine?"

"Wale hawajauliza."

"Nimeuliza mimi. Waondolee wote, au niache na lile lile walilonalo."

Akasema hilo haliko mikononi mwake. Nikamshukuru kwa kahawa.

Sikulala vizuri siku hizo. Nilijiona nimekaa darasani kati ya watoto wa watu, wao wanakabana koo kugombea nafasi ambazo hazitoshi, na mimi nimekaa kwenye kiti salama, nikiwaazima kalamu. Na kuingia na sharti lao, kwa umri huu, na mkopo wa nyumba, sikuthubutu. Tarehe thelathini nilikiandikia kila chuo kwamba siji. Nimejiandikisha kurudia mtihani Juni. Umepata ulichotaka, ingawa siyo kwa njia uliyoitaka.

Naogopa kidogo. Usimwambie Paulette.

Mama yako


Bandari ya Duluth
1 Juni 2018

Mama,

Shikamoo. Hatujambo wote.

Nitasema ukweli, nilikasirika siku mbili. Ulipewa, ukakataa. Nilipanda na kushuka sitaha nikikugombeza kwa sauti, mabaharia wakadhani nina homa. Uliwekewa paja kwenye sahani, Mama, ukalirudisha kwa sababu meza ya pili hawakupata.

Siku ya tatu nilimsimulia Orville. Aliniongezea nyama, akasema, "Hiyo ya ziada ni ya mama yako, kula kwa niaba yake." Ndipo hasira ikaniishia. Nimewaza, ningekuwa mimi kwenye kile kiti mbele ya Bwana Prewitt, ningepokea. Ningepokea haraka sana, na ningejisifu kwamba nimejua kubishana. Sijui ulitoa wapi moyo wa aina ile. Najua mimi sikurithi wote, lakini nafurahi uko katika ukoo.

Nenda kafanye mtihani. Mtu akianguka, mwache msimamizi asome kitabu chake.

Natania. Najua utainuka.

Mwanao,
Emery


Mto Detroit, 18 Julai 2018

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, je, wewe? Ndoo ya posta imevutwa kwa kamba kutoka botini mara nyingi na hakuna kitu chako ndani. Nilipokupigia ulisema uko salama na unachemsha kabichi. Tangu lini unachemsha kabichi asubuhi? Alama zimeshatoka, hilo najua. Kama ni mbaya niambie. Mimi ni mwanao, siyo chuo.

Emery


Toledo, 25 Agosti 2018

Mwanangu mpendwa Emery,

Pokea salamu zangu na radhi yangu. Natumaini u mzima, na kwamba joto la vyumba vya chini halikuonei. Mimi ni mzima kabisa, na goti limetulia kiangazi hiki.

Nisamehe kimya. Hakikuwa cha ubaya. Mtihani ulikwenda salama, hakuna aliyeanguka, na alama ilipotoka Paulette aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena, akakaa chini. Ni ile ya kwenye friji, na zaidi kidogo. Kwa alama ile, mwakani ningeweza kugonga mlango wa chuo chochote cha nchi hii. Nilikuwa nimeanza kukuandikia hivyo hivyo.

Bwana Prewitt akapiga simu siku hiyo hiyo. Nilidhani amekosea namba. Akasema baada ya mimi kuondoka, swali langu lilimkaa kooni. Alilipeleka kwenye kikao cha walimu, Bi. Brandt akalishika na hakuliachia, wakabishana toka Mei mpaka Julai. Sharti limeondolewa kwa wote wanaoingia mwaka huu na wanaofuata. "Nafasi yako bado ipo mpaka Ijumaa, ukiitaka," akasema. "Najua alama yako mpya imetoka, na sina haja ya kuiuliza. Najua utapata pakubwa kuliko hapa."

Sikukuandikia kwa sababu ungenishauri nisubiri, na ungekuwa na hoja nzuri, na mimi ningezisikiliza. Nilitaka kuamua nikiwa peke yangu na nafsi yangu. Ndiyo sababu ya kabichi.

Nilifikiri hivi. Vyuo vikubwa vingenichukua kwa sababu ya alama. Hapa waliniona kabla ya alama, nikawauliza jambo la kuwaudhi, wakaenda kulitafakari mpaka wakabadilika. Nataka kufundishwa sheria na watu wanaoweza kubadilika wakiulizwa. Na nataka kuanza, Emery. Alhamisi nilipiga simu nikasema nakuja, kisha nikangoja nianze kweli ndipo nikuandikie.

Wiki hii tumeanza. Nakaa mstari wa mbele kwa ajili ya macho. Pembeni yangu anakaa binti mmoja kutoka Lima, Keisha Broyles, mtoto wa kinyozi, anaandika haraka kuliko mwalimu anavyosema. Jana, tukila, akaniambia mwanzoni alikuwa amekata tamaa ya kuja, kwa sababu kwao hakuna wa kumlipia kama angeshuka nusu ya chini.

"Halafu wakaliondoa tu sharti," akasema. "Nasikia kuna mama mmoja alimbana mkuu wa chuo ofisini, akaambiwa ataondolewa yeye peke yake, akakataa. Wanasema hata hakuja kusoma hapa. Natamani ningemjua."

Nilimwangalia. Alikuwa na mchuzi kidevuni, na vitabu vyake vyote vilikuwa vipya.

Sikumwambia. Nilimuuliza kama ameielewa kesi ya pili, kwa sababu mimi sikuwa nimeielewa. Akavuta kiti, akaanza kunieleza.

Mama yako,
Ilona